Pazia Limefungwa, Mbona Bado Wanaimba?

Kibanda kiko nyuma ya Soko la Majengo, Dodoma, upande wa mafundi simu. Kompyuta moja, feni ya mezani, spika mbili zilizogeuziwa barabarani, na daftari la madeni. Kijana wa pale kazi yake ni kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Alasiri moja ya upepo, ule unaosukuma vumbi mpaka ndani ya kibodi, aliingia dereva wa bajaji mwenye umri wa kutosha kuwa alikuwa sekondari mwaka 2002.

"Mbukwenyi."

"Mbukwa, mkubwa. Karibu."

"Niwekee ile ya Eminem, ya mapazia. Nzima."

Kijana akafungua folda. Mafaili 38. "Hii ndiyo iliyoongezwa, mkubwa. Ya zamani ilikuwa na ishirini tu." Alisema kwa sauti ya muuza nyanya anayekuongezea mbili juu ya fungu.

Dereva akaomba asikie kwanza mwisho wa faili la 20. Ni Curtains Close, skiti (kipande kifupi cha maigizo) inayoifunga The Eminem Show kama Curtains Up inavyoifungua: onyesho limeanza, onyesho limekwisha. Skiti ikaisha. Ukimya kidogo, kisha faili la 21 likaingia na biti lake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Sasa pazia si limeshafungwa?" akauliza. "Hawa wanaimba nini tena?"

Kijana akacheka. Dereva hakucheka.

Wiki kadhaa zimepita na swali hilo limegoma kuondoka kichwani, maana ndilo swali zima la matoleo haya yaliyopanuliwa. Mtu anauziwa tena albamu anayoijua kwa moyo, safari hii imefungwa mkia. Mkia wenyewe una thamani gani? Na ukishafungwa, mnyama ni yuleyule?

Kumi na nane, halafu nne, halafu moja

Toleo lililopanuliwa la The Eminem Show lilitoka Mei 2022, miaka 20 baada ya lile la kwanza. Nyongeza ni rekodi 18. Zikipangwa kwenye skrini zinatisha, kwa sababu albamu ya awali, ukitoa skiti 5, ina nyimbo 15. Mkia una mafaili mengi kuliko nyimbo za mwili.

Sasa livunje fungu. Za jukwaani ni 6. Biti tupu, zisizo na sauti ya mchanaji, ni 8. Nyimbo za studio ni 4.

Nne.

Na katika hizo 4, iliyonadiwa sana kuwa haijawahi kutoka ni Jimmy, Brian and Mike. Bump Heads na The Conspiracy wafuatiliaji wa mixtape walikuwa nazo tangu enzi za ugomvi na Ja Rule, kwa ubora wa sauti wa kubahatisha. Kupata nakala safi ni faida, sikatai. Lakini aliyesukumwa na namba 18 anaweza kufika nyumbani akagundua kwamba kitu alichokuwa hana kabisa ni kimoja.

Ndiyo maana kabla hujatoa hela kwa toleo lolote la aina hii, achana na idadi ya mafaili, yapange kwa jinsi yalivyo. Majina yenyewe husema. Palipoandikwa laivu, tafuta mwaka na mahali. Palipoandikwa remiksi, tafuta kama ilishatoka kwenye singo. Demo ndiyo ya kuvutia zaidi, kwa sababu ni wimbo kabla haujajua utakuwa nini. Akapela ni sauti tupu, dhahabu kwa madijei na mzigo kwa wengine wote. Na ukiona "radio edit" imehesabiwa kama nyongeza, ujue unauziwa wimbo ambao tayari unao, umetolewa matusi.

Jukwaa la mwaka gani?

Zile rekodi 6 za jukwaani ndizo zilizonikwama kooni zaidi. Nne zimetoka ukumbi wa Tramps, New York, mwaka 1999. Mbili zimetoka tamasha la Fuji Rock, Japani, mwaka 2001. Albamu ilitoka 2002.

Soma tena hizo tarehe.

Ndani ya nyongeza ya The Eminem Show hamna wimbo hata mmoja wa The Eminem Show unaopigwa jukwaani. Kinachopigwa ni nyimbo za albamu zilizotangulia, na mitindo huru (freestyle) miwili. Hukumu inakuja yenyewe mdomoni: wamejazia gunia.

Ningeishia hapo kama isingekuwa Illmatic. Albamu ya Nas ya 1994, nyimbo 10, chini ya dakika 40. Mwaka 2014 ilirudi kwa jina la Illmatic XX ikiwa na diski ya pili, na ndani yake mna mitindo huru iliyorekodiwa mwaka 1993 kwenye redio ya chuo ya WKCR, New York, katika kipindi cha Stretch Armstrong na Bobbito, pamoja na demo ya I'm a Villain. Hizo nazo ni za kabla ya albamu. Basi kwa nini za WKCR zipokelewe kwa mikono miwili na za Tramps zifukuzwe mlangoni?

Jibu lililokuja baada ya kulizungukia sana ni kwamba tarehe haitoshi kuhukumu. Rekodi ya 1993 ni ya mtu yuleyule, miezi michache kabla, akijaribu pumzi na vina kwa namna ambayo ndiyo itakayoijaza albamu. Unasikia chungu kikiwa bado mekoni. Ile ya Tramps ni ya chakula kingine kilichokwisha kuliwa na vyombo vikaoshwa. Ni nzuri, jukwaa lina joto, ila mahali pake ni kwenye toleo la albamu ya 1999.

Hata Illmatic XX haisalimiki yote. Sehemu kubwa ya diski ile ni remiksi, na kadhaa kati ya hizo zilishatoka kwenye santuri za singo enzi zilezile. Anayezo anazilipia mara ya pili.

Biti nane

Hapa ndipo mawazo yalipogeuka, na yaligeukia upande ambao sikuutarajia.

Biti tupu huonekana kuwa nyongeza ya kivivu kuliko zote. Mradi upo, kila chombo kiko kwenye mstari wake, fundi anazima mistari ya sauti na kuhifadhi upya. Kazi ya asubuhi moja. Kwa msikilizaji wa kawaida, kusikia Superman au Business bila maneno ni sawa na kula wali bila mboga: unashiba, hufurahi.

Lakini nenda Nkuhungu, nenda Chang'ombe, nenda hosteli za UDOM, uwaulize vijana wanaochana wanafanyia mazoezi biti gani. Wengi hutumia biti walizozipakua mtandaoni, na siku hizi nyingi katika hizo zimetengenezwa kwa programu inayonyofoa sauti kutoka kwenye wimbo uliokamilika. Masikio ya kawaida hayaoni tatizo mpaka yaonyeshwe. Sikiliza hai-hati, zile sahani mbili za ngoma zinazogongana: badala ya mlio mkavu wa "tsi", inatoka na upepo, kama mtu anapuliza chai. Sikiliza mwisho wa kila mstari, pale mwangwi wa sauti ya mchanaji ulipokuwa: utasikia mzimu wake, silabi mbili zinazoelea. Na sneya, ile ngoma ya mlio mkali, kwa kuwa inakaa kwenye masafa yaleyale ya sauti ya binadamu, hupungua uzito kila palipokuwa na neno. Mchanaji anayerekodi juu ya biti kama hilo atashangaa kwa nini sauti yake inaonekana kugombana na kitu kisichoonekana. Anagombana na Eminem.

Biti rasmi haina mzimu. Hiyo peke yake ni sababu ya kununua.

Kuna faida nyingine ambayo ni ya Kiswahili hasa. 'Till I Collapse inatembea kwa mapigo 171 kwa dakika ukihesabu kila pigo, au 86 hivi ukihesabu kichwa kinavyotikisika. Kwa 86, ba moja (mapigo manne) ni sekunde 2.8, na ubeti wa ba 16 ni sekunde 45 hivi. Without Me inakwenda 112: ba moja sekunde 2.1, ubeti sekunde 34. Sasa chukua neno la kawaida kabisa, "ninawakumbusha". Silabi sita. Ba moja iliyogawanywa sehemu 16 inalimeza neno hilo kwa zaidi ya theluthi ya nafasi yake. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo Eminem anaweza kujaza Without Me bila kukosa pumzi. Ukijaribu mistari ya Kiswahili kwa msongamano uleule utajikuta unameza irabu za mwisho, na ukimeza irabu umemeza kina, maana vina vyetu vimekaa humo humo. Kwa mazoezi anza na 'Till I Collapse, silabi 10 mpaka 12 kwa ba, uache robo ya ba tupu kwa ajili ya kuvuta hewa. Ukiweza kumaliza ba 16 bila kukimbia, ndipo uhamie kwenye ile ya haraka.

Mazoezi, nasisitiza. Biti kuwepo kwenye albamu uliyolipia hakukupi ruhusa ya kuitolea wimbo. Ukiipandisha YouTube, mfumo wao utaitambua hata kabla hujamaliza kuandika kichwa cha habari. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ile inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, haina kifungu cha "nilikuwa najifunza" kwa mtu anayeuza.

Kwa hiyo yale mafaili 8 yaliyoonekana kuwa makapi ndiyo, kwa mchanaji wa Dodoma, yenye kazi kuliko yote 18. Kwa dereva wa bajaji hayana kazi. Toleo ni lilelile.

Mwili wenyewe umeguswa?

Watu hubishana juu ya nyongeza, na sehemu inayoweza kukuumiza zaidi imo mwilini: zile nyimbo za awali, je, ni zilezile?

Kuna namna mbili za kubadilika. Ya kwanza ni ya kisheria. Mwaka 2006 mahakama huko Nashville iliamua kwamba wimbo uliobeba jina la Ready to Die ya The Notorious B.I.G. ulitumia kipande cha bendi ya Ohio Players bila ruhusa. Nakala zilizotolewa baada ya hapo zilitolewa bila kipande hicho. Maana yake diski ya zamani iliyokwaruzika ya miaka ya tisini ina kitu ambacho nakala mpya inayong'aa haina. Kundi la De La Soul nao, albamu yao 3 Feet High and Rising ya 1989 ilikaa nje ya majukwaa ya kusikiliza mtandaoni mpaka tarehe 3 Machi 2023, kwa sababu ya ruhusa za sampuli, yaani vipande vya nyimbo za wengine, na ilipoingia baadhi ya vipande vilikuwa vimepigwa upya au kubadilishwa. Rap imejengwa kwa matofali ya nyumba za watu. Kila inapouzwa upya, wenye matofali hubisha hodi.

Namna ya pili ni ya sauti: masta mpya, yaani nakala mama iliyoandaliwa upya. Hapa hakuna haja ya kubishana, pima.

Unahitaji kompyuta, programu ya bure ya Audacity, na nakala mbili za wimbo mmoja, ya zamani na ya mpya, zote zikiwa za ubora usiopunguzwa, yaani WAV au FLAC. Ziingize zote kwenye mradi mmoja wa sampuli (hapa, nukta za sauti) 44,100 kwa sekunde. Kuza picha ya mawimbi mpaka uone nukta moja moja, kisha sogeza moja mpaka pigo la kwanza la kiki, ile ngoma nzito, likae sawasawa juu ya mwenzake. Sawasawa kwa maana ya nukta, karibu hakutoshi. Chagua moja, tumia amri ya Invert, kilima kiwe bonde. Zicheze pamoja.

Ukipata ukimya kamili, ni masta ileile na umeuziwa jalada.

Usipopata ukimya, sikiliza kilichobaki, kwa sababu kila kosa lina sauti yake. Ukisikia wimbo mzima kwa mbali, laini, basi kilichobadilishwa huenda ni kiwango cha sauti tu: tofauti ya desibeli 1 huacha mabaki yaliyo chini ya wimbo kwa desibeli 19 hivi. Rekebisha kiwango, rudia. Ukisikia ngoma na besi peke yake, hapo fundi ameshika ikwalaiza au amebana mapigo. Ukimya mwanzoni unaogeuka kuwa kelele zinazoongezeka kadiri wimbo unavyosonga ni kasi kutofautiana, dalili kwamba moja ilivutwa upya kutoka kwenye mkanda. Na ukisikia msasa mwembamba wa kama mchanga, rudi ukakague chanzo, kuna uwezekano umetumia MP3. MP3 huwa na mtego mwingine: programu ya kuisimba na ile ya kuisoma huongeza ukimya mwanzoni, kwa kawaida sampuli 1,105 kwa zile zilizotengenezwa na LAME, sawa na sehemu 25 za elfu za sekunde. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani masta ni tofauti, kumbe ni mafaili yaliyoanza kwa kupishana.

Mafaili ya kibandani kwa kipimo hiki hayafai, hata yakiitwa FLAC. Fungua picha ya spektogramu, inayoonyesha masafa ya sauti: rekodi ya CD inaweza kufika karibu kHz 22. Ukiona kila kitu kimekatwa kama kwa rula kwenye kHz 16, hiyo ilikuwa MP3 ya kbps 128 iliyovishwa suti.

Kisha kuna suala la kelele. Masta mpya mara nyingi hupandishwa sauti, na sikio la binadamu, likisikia kitu kikubwa zaidi, husema ni kizuri zaidi. Spotify inashusha nyimbo zote kwenye kiwango cha LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) −14 hivi, kwa hiyo masta iliyopandishwa desibeli 4 inateremshwa 4 zilezile, na kinachobaki ni vilele vilivyokatwa bapa kama ukuta wa tofali za kuchoma. Kabla ya kulinganisha, tumia amri ya Audacity ya kusawazisha kiwango, zote mbili ziwe −14. Ukishafanya hivyo, masta nyingi "zilizoboreshwa" hupoteza ubora wake ghafla.

Pa kulipia

Hapa ni haraka. Spotify imefika Tanzania tangu Februari 2021, na toleo lililopanuliwa limo, kwa hiyo kama unataka kusikia tu hakuna cha kununua. Dakika 77 za albamu ya awali hula MB 185 kwa ubora wa kbps 320, ule wa waliolipia, na MB 55 kwa ule wa kawaida wa 96. Tengeneza orodha yako ya faili la 1 mpaka la 20, uzime ile hali ya kuendelea yenyewe, pazia litabaki limefungwa.

Anayetaka kitu cha kushika ana milima miwili. Duka nyingi za kupakua huangalia nchi ya kadi yako, na baadhi hukataa za Tanzania. Jaribu na wimbo mmoja kabla hujaweka hela ya albamu nzima. Ukiagiza diski au santuri, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 18% hupigwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru. Santuri ya dola 30 yenye usafiri wa dola 25 tayari inakutoza karibu dola 10 za VAT kabla ya ushuru. Na upande mmoja wa santuri hubeba dakika 22 hivi bila kudhoofisha besi, kwa hiyo dakika 77 zinadai pande nne kabla hujagusa nyongeza. Juu ya hapo, vumbi la Dodoma na mfereji wa santuri si marafiki. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani Nyerere Square, itarudi imejikunja kama chapati.

CD ina jambo moja ambalo nalisifu. Sahani moja haizidi dakika 80, kwa hiyo nyongeza hulazimika kwenda sahani ya pili. Mwili unabaki mwili. Ukitaka mkia, unainuka kwenye kiti kuubadilisha.

Mkia wa kwetu

Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay ilitoka 2001, mwaka mmoja tu kabla ya albamu tunayoizungumza. Dodoma inamjua mwenyewe kwa sura nyingine, alikaa bungeni hapa kama mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, akimkuta Sugu wa Mbeya aliyeingia 2010. Wachanaji wawili ukumbini, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Mimi swali langu ni la kifundi: siku mtu akitaka kutoa upya albamu za rap za enzi ile na sahani ya pili, hiyo sahani ya pili ataijaza nini?

Biashara ya wakati ule ilikuwa kaseti. Sehemu kubwa ya kile ambacho kingekuwa nyongeza, mahojiano, mitindo huru ya redioni, maonyesho, kama kipo, kiko kwenye kaseti za watu majumbani, kabatini, pengine kimerekodiwa kwa kubonyeza vitufe viwili mbele ya spika. Basi mwenye kaseti kama hiyo asiikimbilie kwa simu. Tafuta deki ya kweli, si redio ya mkononi. Safisha kichwa na ile rola ya mpira kwa pamba na spiriti, 99% ikipatikana, uache vikauke dakika kadhaa. Vumbi letu hujijenga hapo kama lami. Zungusha kaseti mbele mpaka mwisho na kurudi, mara moja, ili mkanda ujilegeze. Angalia kipande cha sponji kinachousukuma mkanda kwenye kichwa: kikidondoka, sauti inafifia na watu husema kaseti imekufa, wakati gundi kidogo na sponji ya kaseti nyingine vinaifufua.

Kisha azimathi. Kichwa cha deki yako hakikai kwa pembe ileile ya deki iliyorekodi, na tofauti ndogo hula sauti zote kali. Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Cheza kaseti, geuza skrubu nyuzi chache tu, sikiliza hai-hati mpaka ing'ae, uishie hapo. Rekodi kwa biti 24 (bit za kompyuta, si mdundo) na kHz 48 au zaidi, vilele visipite desibeli −6. Zima Dolby, kile kipunguza kelele za mkanda, kama hujui kaseti ilirekodiwa nayo. Usiondoe mchuruziko wa kaseti, ule mlio wa "sss", wakati wa kurekodi; hiyo ni kazi ya baadaye, juu ya nakala. Kosa kubwa ninaloliona kwenye vitu vya zamani vilivyopandishwa mtandaoni ni hilo, mtu amefuta mchuruziko na kufuta sahani za ngoma pamoja nao, kisha akatupa kaseti.

Na kaseti ya dakika 90 ishike taratibu. Mkanda wake ni mwembamba kuliko wa 60, deki mbovu huutafuna.

Nikiweka hayo mbele yangu, mizani inabadilika. Eminem ana rekodi 18 za kuchagua na bado tunalalamika kwamba 6 zimekosea albamu. Toleo la Kitanzania lenye nyimbo zake za awali kutoka kwenye masta halisi, mitindo huru miwili ya redioni yenye mchuruziko, na biti tatu, ningelilipia bila kupima chochote.

Kule kibandani dereva alifikia uamuzi wake bila Audacity. "Niwekee ishirini. Zile zisizo na maneno weka folda lake, za mdogo wangu, anajidai kuchana."

"Na hizi kumi zilizobaki, mkubwa?"

"Zikae."

Kijana alikuwa anajua kazi. Redio nyingi za kwenye bajaji husoma mafaili kwa mfuatano yalivyonakiliwa, hazijali majina, kwa hiyo ukivuta folda zima kwa mkupuo skiti zinaweza kuchanganyika na pazia likafungwa katikati ya onyesho. Aliyapa namba 01 mpaka 20 na sifuri zake mbele, akayanakili moja moja. Ilichukua muda. Dereva akaenda kuchomeka flashi, akasubiri na ufunguo mkononi mpaka aliposikia nyayo za Curtains Up zikipita jukwaani, ndipo akawasha bajaji.